Chombo cha Pombe ya Kwenda Makere

Watu wakibishana kuhusu chombo cha kuchachushia pombe ya ndizi, mimi hunyamaza. Hapa Kibondo ninapopanga chumba siku hizi, ubishi huo hauishi. Mmoja atasema pipa la plastiki ni safi, halivuji, unaliosha mara moja basi. Mwingine atasema plastiki inaua ladha, pombe ni mtungi. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ni mtu mzima kuliko wote pale, atasema ninyi watoto wa juzi mnajua nini, pombe ni muvure, lile gogo lililochongwa tumbo kama mtumbwi mfupi, ambalo wazee wa Kiha walikamulia ndizi na kuchachushia humo humo. Kisha wananigeukia, kwa sababu wanajua nimetembea sana na nimekunywa kwingi. Nawaambia vyote vinapika. Hapo huwa nimewapa jibu la kweli, na huwa wanaona nimewanyima.

Mke wangu aliondoka nyumbani kwetu Nyakitonto wakati mimi niko Kibondo. Nilikuwa nimekuja huku zamani kidogo, kambi ya Mtendeli ilipokuwa imejaa Warundi na kulikuwa na kazi za kubeba miti, kuchimba vyoo, kupakua malori. Kambi ilipofungwa na watu kuondolewa, kazi ziliisha, lakini mimi nilibaki. Siwezi kueleza vizuri kwa nini nilibaki. Mimi ni mtu wa kwenda. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Kahama kwenye dhahabu, nikatoka nikaenda Urambo kwenye tumbaku, nikaenda Mpanda, nikarudi, nikaondoka tena. Kila nilikofika nilikumbuka nilikotoka. Nikiwa Urambo nilisikia harufu ya udongo wa Nyakitonto baada ya mvua ya kwanza. Nikiwa Nyakitonto nilisikia moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku. Mke wangu alikuwa akisema kwamba nyumba yetu naipenda sana nikiwa mbali nayo. Alikuwa akisema hivyo kwa kucheka, miaka ya mwanzo.

Siku aliyoondoka alinipigia simu mchana. Alisema, "Nimerudi kwa baba. Ufunguo nimempa shangazi yako. Kuku wawili nao wako kwake." Nilimuuliza kumetokea nini. Akasema, "Hakuna kilichotokea." Kisha akaniaga vizuri, kama mtu anayemaliza maongezi ya kawaida, akakata.

Kwao ni Makere, na basi la kutoka Kibondo kwenda Kasulu linapita hapo hapo Makere. Nilipopanda basi kurudi nyumbani, wiki kadhaa baadaye, kiangazi kikiwa kimekolea, niliiona njia ya kwao kupitia dirishani, ile inayoingia katikati ya migomba baada ya maduka. Sikushuka. Kwetu mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu kufuata mke aliyerudi kwao. Ukienda hivyo watakupa kiti, watakupa chakula, watakuuliza habari za mvua, na utaondoka bila mtu yeyote kutaja jina lake. Mume anakwenda na pombe. Isiwe ya kununua kilabuni. Iwe ya ndizi za shamba lake mwenyewe, imepikwa nyumbani kwake mwenyewe, na aende na mtu mzima wa ukoo wa kumsemea. Wakwe wataionja. Kisha mke ataitwa apewe mrija. Akinywa, ataingia ndani kufunga mizigo yake. Asipokunywa, basi.

Nilifika Nyakitonto nikamkuta shangazi, dada yake marehemu baba, ameketi nje ya nyumba yake anapukuchua maharage. Ni mwanamke mfupi, mkali wa maneno, amezika waume wawili na anasema wa tatu aliogopa akakimbia. Hakunipokea mzigo.

"Umekuja kwa miguu yako au umeletwa?" aliniuliza.

"Nimekuja mwenyewe, shangazi."

"Mh. Na hiyo miguu imekuja kukaa au imekuja kusalimia?"

Nikamwambia nataka kupika pombe ya kwenda Makere, na ninamwomba anisemee. Alipukuchua maharage yaliyobaki mapajani. Mwisho akasema, "Nitakusemea. Lakini mimi nasema kilichopo. Kisichokuwepo sikisemi."

Nilifungua nyumba. Ilikuwa imefagiliwa. Vyombo alikuwa ameviosha na kuvifunika juu ya kichanja, godoro amelikunja, khanga zake hazipo. Ile siku sikulala ndani ya chumba chetu; nililala sebuleni kwenye mkeka, na asubuhi nikaingia shambani na panga kabla sijanywa hata chai. Nilikata mikungu ya ndizi za pombe, ile iliyokomaa yote, nikachimba shimo nyuma ya nyumba, nikalitandika majani ya migomba, nikazipanga ndizi ndani, nikafunika, nikaweka udongo juu na kuwasha moto pembeni ili joto liingie ziive upesi. Nilifanya kazi hiyo kwa bidii ambayo hata majirani walisimama barabarani wakaitazama. Ilinipa raha. Niliona kama tayari niko katikati ya njia ya Makere.

Ni baada ya kufukia ndizi ndipo nilipokwenda kuutazama muvure.

Ulikuwa chini ya upenu wa banda la zamani la mbuzi, mahali pake pa siku zote. Baba aliuchonga yeye na kaka yake kutoka kwenye mti mmoja kabla sijazaliwa. Ulikuwa mweusi ndani kama sufuria ya zamani na midomo yake imelainika kwa mikono ya watu. Wakati wa msiba wa babu ulipikiwa pombe ya matanga; mimi nilipooa ulipikiwa pombe ya harusi. Safari hii nilipougeuza niliona ufa. Ulianzia kwenye kichwa ukateremka hadi karibu na kati, mpana kiasi cha kupitisha ukucha. Mti ulikuwa umekauka hadi ukawa mwepesi. Nilimwaga maji ndani, yakatoka yote chini kwenye vumbi.

Shangazi alikuja akauinamia. Akapitisha kidole.

"Haujafa," alisema. "Unapelekwa bondeni, unazamishwa kwenye maji, unawekewa mawe usielee. Unaachwa. Mti utakunywa, utavimba, ufa utajifunga. Palipobaki unaziba kwa nta."

"Utakaa huko muda gani?"

"Mpaka ufunge. Mimi nitajuaje? Si mimi niliyekauka."

"Shangazi, ndizi ziko shimoni. Zitaiva wiki hii."

"Wape mbuzi. Nyingine si zipo zinakomaa? Kata nyingine mwezi ujao."

Nilimwona kama hanielewi. Makere walikuwa wameshaambiwa kwamba tunakuja. Yeye mwenyewe shangazi alikuwa amempigia baba mkwe simu, wakapanga siku. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia. Nilikuwa nauogopa huo mwezi wa kungoja. Nilijua mwezi mmoja wa kukaa peke yangu kwenye nyumba iliyofagiliwa vile ni mwingi kwangu. Nilikuwa nahisi tayari, jioni, basi la Kibondo linavyopiga honi kule barabara kubwa, na miguu inasikiliza. Nilitaka kumrudisha mke wangu haraka, kabla sijajikimbiza mwenyewe.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta chombo.

Jirani yetu wa bondeni alikuwa na muvure mzima, mkubwa, lakini ulikuwa na pombe ya harusi ya binti yake, na ungekuwa na pombe hiyo hadi wageni waishe. Zaidi ya hapo, ukiazima muvure wa mtu, kata ya kwanza ya pombe inayotoka humo ni yake, na wakwe wakijua wanaweza kuuliza unamrudisha mke kwa pombe ya nani. Mtungi nao niliufikiria. Mitungi mikubwa ya mama yangu ilikwisha kuvunjika siku nyingi. Sokoni ilikuwepo midogo, mipya. Mtungi mpya ni mlafi, unakunywa kabla ya wageni. Unautia maji ya ndizi yamejaa, kesho yake unakuta yamepungua na nje udongo umelowa. Ningehitaji mitungi mingi, na kila mmoja ungechachusha kwa saa yake, mmoja mkali, mmoja bado mtamu. Pombe ya ukweni haiwezi kuwa na sauti nyingi namna hiyo.

Ndipo nikakumbuka Mtendeli.

Kule kambini kulikuwa na mama mmoja Mrundi, mtu mzima, aliyekuwa akipika pombe kimya kimya nyuma ya kibanda chake, kwenye pipa la bluu. Mimi na wabeba miti wenzangu tulikuwa wateja wake. Nilimuuliza siku moja kama kweli pombe ya pipa inaweza kufanana na ya muvure. Alikuwa na Kiswahili kile cha kambini, cha kuchanganya.

"Muvure wangu naliuacha kule kwetu," aliniambia. "Huku ninapikia pipa, sababu pipa inapanda gari."

Pombe yake ilikuwa nzuri. Alikaanga mtama hadi ukawa na rangi ya kahawa, akausaga, akautia mwingi kuliko tunavyotia sisi, kwa sababu plastiki haina kitu cha kuanzishia. Muvure una chachu ya miaka ndani ya mti wake. Ukimimina maji ya ndizi, kabla ya jua kuzama unasikia yanaanza kunong'ona. Pipa lazima ulisaidie. Nilijifunza kwa kutazama tu, na nilikumbuka kila kitu.

Nikapanda bodaboda hadi Kasulu mjini. Kuna mzee mmoja pale, Mwislamu, baba yake alikuja zamani kutoka Tanga kwa biashara ya nguo akaoa huku. Yeye anauza ndoo, mabeseni, kamba, madumu na mapipa yaliyokwisha kutumika. Anaongea Kiha kama sisi, ila akihesabu hela anarudi kwenye Kiswahili cha pwani. Nilimsalimia, nikaanza kufungua vifuniko vya mapipa yake moja moja na kunusa.

Pipa la kuchachushia linachaguliwa kwa pua kwanza. La kwanza lilikuwa la sabuni ya maji. Harufu ya sabuni haitoki hata ulichemshie nini. La pili lilikuwa la mafuta ya kula, na ukipitisha kidole ndani kinateleza. Mafuta yanaua povu, na pombe isiyo na povu watu wanaitazama vibaya kabla hawajaionja. La tatu lilikuwa na harufu kali inayopanda kwenye macho, nikalifunga upesi na kusogea.

"Kijana wangu," mzee aliniambia kutoka kwenye kiti chake, "hilo pipa unataka kulinunua au kulioa?"

"Nataka la maji, mzee."

"La maji. Umeingiza kichwa chote, mabega yamebaki kidogo. Maji gani hayo yanaogopa harufu ya sabuni?"

"Maji ya kunywa."

"Haya. Ya kunywa." Alinitazama akatabasamu. "Usiniambie zaidi. Mimi siku ya kuulizwa nitasema niliuza pipa la maji, na mnunuzi alikuwa mtu msafi mno."

Yeye ndiye aliyenielekeza kwenye lile la pembeni, nyuma ya makapu. Lilikuwa la bluu, na ubavuni lilikuwa na maandishi yaliyokwanguliwa kwa kisu, kama mapipa mengi yaliyotoka kambini. Nililijua umbo lake hata kabla sijalifungua. Nilinusa: maji tu, na plastiki ya zamani iliyopigwa na jua. Nikapapasa ndani kutafuta mikwaruzo, kwa maana mikwaruzo inaficha uchafu unaoifanya pombe iwe siki. Ilikuwepo michache karibu na mdomo, si chini. Mfuniko ulikuwa wa kuzungusha, na mpira wake mzima. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Nilimkumbuka yule mama, nikawakumbuka wenzangu wa kubeba miti, nikakumbuka tulivyokuwa tunacheka kule nyuma ya kibanda, na nikasahau kabisa kwamba wakati ule wa kucheka, nyumbani kwangu kulikuwa na mtu anakula peke yake.

Nililifunga kwenye bodaboda nyuma yangu. Shangazi aliponiona nateremka nalo alisema neno moja tu.

"Limekuja na kamba zake, kama msafiri."

Nililisugua kwa majivu na maji ya moto, nikalisuuza kwa majani ya mlimao, nikalianika juani wazi. Ndizi zilipoiva tulizimenya mimi na shangazi, tukazikamulia kwenye beseni kwa majani makavu, tukachuja, tukaongeza maji, tukamimina pipani, na nikatia unga wa mtama kama nilivyojifunza. Mfuniko sikuukaza. Ukiukaza hewa inakosa pa kutokea na pipa linavimba kama shavu. Nilifunika kwa jani la mgomba, nikauweka mfuniko juu yake kwa kulegea, nikalizungushia blanketi, maana nyanda hizi zina baridi na plastiki haitunzi joto.

Ilichelewa kuanza. Siku ya kwanza niliweka sikio kwenye pipa sikusikia kitu. Kesho yake mchana nikasikia, kwa mbali, kama mvua kwenye migomba ya shamba la jirani. Nilikaa chini pale pale nikaegemea pipa. Nadhani ile ndiyo ilikuwa saa yangu ya mwisho ya kuwa na furaha katika nyumba ile.

Pombe ilipokuwa tayari shangazi aliionja. Aliizungusha mdomoni, akameza, akatazama mbali.

"Imekosea wapi?" nilimuuliza.

"Haijakosea. Ni pombe."

Tuliijaza kwenye madumu ya njano, tukaziba midomo kwa majani ya mgomba yaliyosokotwa, tukakodi bodaboda mbili. Nilivaa shati langu jeupe. Shangazi alijifunga kitenge kipya na njia nzima alinyamaza, jambo ambalo lilinitia wasiwasi kuliko maneno yake.

Makere walitupokea vizuri. Baba mkwe alitoka hadi mlangoni, tukainama, tukapiga makofi taratibu kama inavyosalimiwa kwetu, akajibu kwa makofi. Ndani kulikuwa na yeye, mama mkwe, na wazee wawili wa ukoo. Mimi nilipewa kigoda karibu na mlango. Siku hiyo mume haongei, anasemewa. Pombe ilimiminwa kwenye mtungi wao, ukawekwa katikati. Mimi nikanywa wa kwanza, ili waone haina jambo. Kisha mirija ikaingia, wazee wakanywa, na kimya kikapita kile cha watu wanaosikiliza midomo yao.

"Pombe hii imekuja kufanya nini?" aliuliza baba mkwe.

"Imepotelewa na mtu," shangazi akajibu.

"Ilimpotezea wapi?"

"Nyumbani. Ilitoka kidogo, iliporudi haikumkuta."

Mzee mmoja akacheka. "Ilitoka kidogo! Pombe hii inajua kutembea."

"Inatembea, baba zangu, sikatai," shangazi alisema. "Lakini leo imetembea kuja huku."

Walicheka wote, na moyo wangu ukapanda. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alikuwa bado anauonja mdomo wake. "Nzuri," alisema. "Haina mti." Akasema hivyo tu, akanyanyuka akaenda kumwita binti yake.

Mke wangu aliingia akiwa na gauni ninalolijua na kitambaa kichwani nisichokijua. Alikuwa amenenepa kidogo, amependeza. Akapiga magoti, akasalimia wazee wote, akamsalimia shangazi kwa mikono miwili. Mimi alinisalimia nikiwa wa mwisho, kwa heshima. Baba yake akampa mrija.

"Mumeo ameleta pombe," alimwambia. "Sisi tumeionja. Iliyobaki ni yako."

Aliupokea. Aliuweka wima mbele yake, akautazama mtungi, halafu akamgeukia shangazi.

"Shangazi, imechachukia kwenye nini?"

"Kwenye pipa, mwanangu."

"Muvure umefanyaje?"

Shangazi alinitazama. Nilimwona akitafuta kilichopo cha kusema. "Umepasuka," alisema.

Hapo ndipo mke wangu aliponigeukia mimi mwenyewe, na ingawa desturi ilikuwa ninyamaze, sikuweza kumwacha bila kumjibu.

"Umepasuka lini?"

"Nimeukuta umepasuka."

"Nilipotoka pale ulikuwa mzima." Hakupandisha sauti. "Kila kiangazi nilikuwa nateka maji bondeni, naumwagia ndani, naufunika magome ya mgomba ili jua lisiupige. Hao majirani zako wanapita wananiuliza, mama, unamwogesha nani huyo? Nawaambia namwogesha mume wangu. Walinipa jina, shangazi analijua."

Shangazi aliinamisha kichwa.

"Nilikuwa nasema akirudi asikose pa kupikia. Maana atarudi tu, na akirudi patakuwa na watu, patakuwa na pombe." Akaugeuza mrija mkononi. "Uliupeleka bondeni?"

"Hapana."

"Shangazi hakukwambia kwamba unafunga?"

"Aliniambia."

"Sasa?"

"Ndizi zilikuwa zimeiva," nilisema.

Nimejibu maswali mengi maishani mwangu, kwa polisi wa barabarani, kwa wasimamizi, kwa wenye nyumba. Sijawahi kutoa jibu la kweli kiasi kile likasikika vibaya kiasi kile. Hakuna aliyecheka. Yule mzee aliyetania mwanzo alikuwa anatazama vidole vyake. Mke wangu aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei na kuona ndiyo aliyoitarajia. Akaulaza mrija juu ya mdomo wa mtungi, mkavu. Akanyanyuka, akaomba radhi kwa wazee, akatoka.

"Tumesikia," alisema baba mkwe. Alisema kwa upole, na alinitazama kwa macho ya mtu aliyewahi kunipenda. "Pombe tutakunywa. Pombe haina kosa."

Wakainywa. Tulizungumza habari za maharage, bei ya mahindi, barabara. Walituletea ugali na kuku, tukala. Kupitia mlango nilimwona mama mkwe uani ameinama kwenye madumu yetu. Alikuwa anayaosha. Aliyasuuza moja moja kwa mchanga na maji, akayapindua juu ya jiwe yachuruzike, kisha akayaleta akayapanga nje ya mlango, upande wa kutokea. Shangazi alipoyaona akaacha kula. Chombo cha mkwe huwa kinabaki. Kinalala, kinakaa hata mwezi, ili siku moja mtu apate sababu ya kukileta au ya kukifuata. Kikioshwa na kutolewa siku ile ile, hakuna neno lililobaki la kusemwa, na wala hakuna aliyekufukuza.

Tuliaga. Tukapiga makofi tena. Waendesha bodaboda walikuwa wametungoja barabara kubwa, kwa hiyo tulitembea kwa miguu ile njia ya katikati ya migomba, shangazi mbele na dumu moja, mimi nyuma na mengine. Sikuwa nimetegemea kumwona tena, lakini nilisikia hatua nyuma yangu. Alikuwa amekuja kutusindikiza. Alinipokea madumu mawili, akayabeba.

Tulikwenda hivyo kama watu wanaotoka sokoni. Nilimuuliza habari za binti yetu, aliyeolewa Kakonko. Akasema ni mjamzito, anaendelea vizuri, amepata mume mtulivu. Nikasema namshukuru Mungu. Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka kumwambia kwamba nitaupeleka muvure bondeni kesho asubuhi, kwamba nitakaa pale pale kando ya maji hadi ufunge, kwamba nitakata nyingine. Kila neno nililolishika niliona yeye ameshalisikia miaka iliyopita, likiwa na jina la mji mwingine. Nikamwambia kitambaa chake kizuri. Akasema kuna mama anavisuka hapo jirani.

Palipoishia migomba, kabla ya maduka, alisimama. Hapo ndipo watu wa kwao wanapoachana na wageni. Sijawahi kuona wakivuka hapo. Siku za uchumba aliwahi kuniacha hapo mara nyingi, na mara zote alikuwa akisimama kando yangu kwanza, akichelewa. Safari hii aliweka madumu chini karibu na miguu yangu, akampa shangazi mkono, akamshika muda mrefu. Shangazi alikuwa analia bila sauti na hakujifuta.

Kisha akanigeukia, akanipa mkono wa kulia, wa kushoto ameushikiza kwenye kiwiko, kama anavyofunzwa mtoto wa kike kumuaga mtu mzima asiye wa nyumba yake.

"Mfike salama," alisema. "Karibuni tena."

Nikajibu, "Asante," kwa sababu mgeni hana jibu jingine.